Ngazi ya Kurudia

Vijana mnaojifunza kuchomelea, nyie mnaokuja hapa Mandewa kuniuliza vipimo vya bembea na mitelezo ya watoto, nawaandikia kwa sababu mkija mnakuwa na haraka. Mnataka urefu wa bomba na unene wa shiti ya chuma, mnapiga picha kwa simu, mnaondoka. Vipimo nitawapa, mwanangu anavyo pale karakana. Lakini katika kazi hii vipimo havikuwahi kuniaibisha. Vilivyoniaibisha ni viganja vyangu.

Viganja vyangu havisikii moto. Mke wangu akiwa na shughuli hunituma niipue sufuria, na hanipi kitambaa. Wajukuu hukaa kunitazama nikigeuza mahindi juu ya mkaa kwa vidole, kisha wanakwenda kuwaita wenzao waje kuona. Zamani niliona ni sifa. Mtu akiingia karakana nilikuwa naokota kipande kilichotoka kuchomelewa, nakishika kama mtu anayeshika kalamu, huku naongea naye mambo mengine.

Aliyenifundisha kazi, Fundi Athumani, hakupenda mchezo huo. Nilikwenda kwake nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yasiyonipeleka popote. Siku za mwanzo nilikuwa naungua kila saa. Alikuwa akicheka. "Bado una mikono ya daftari," ananiambia. "Subiri." Nikasubiri. Miaka ikapita, siku moja nikaokota bawaba iliyokuwa bado inatoa moshi, nikaipeleka hadi mezani kwake bila kujua kuwa ina moto. Nikatabasamu nikidhani atanisifu.

Akaweka nyundo chini. "Usifurahi. Kuanzia leo mkono huo utakudanganya."

"Utanidanganyaje, fundi?"

"Utakwambia kitu hakina moto, na kina moto. Ukitaka kujua, uliza hapa." Akanigusa upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, pale ambapo akina mama wanapima maji ya kumwogesha mtoto. "Hapa hapajawahi kufanya kazi. Hapa bado pana akili."

Nilicheka. Nilimsimulia mke wangu jioni, naye akacheka. Kisha nikasahau, na nilisahau kwa miaka mingi.

Vifaa vya michezo ya watoto nilivianza kwa bahati tu, baada ya kutengeneza magoli ya shule moja. Yale magoli yenyewe yalikuwa kichekesho. Nilisahau kuwa sehemu ya nguzo itaingia ardhini, nikakata bomba kwa urefu kamili wa goli. Tulipoyasimika, kipa wa darasa la saba alikuwa anagusa mwamba bila kuruka. Timu ya shule ile haikufungwa nyumbani mwaka mzima, na mwalimu wa michezo alinikataza nisiyarekebishe. Bembea zangu za kwanza nazo zilibana vidole vya watoto kwenye minyororo, mpaka nilipojifunza kuivisha minyororo mpira wa kumwagilia bustani. Fanyeni hivyo, ni rahisi na unadumu. Na chini ya bembea ya ubao, ile ya kupanda na kushuka, chimbieni nusu ya tairi kila upande, la sivyo mtoto mnene akishuka ghafla mwenzake anaruka kama bisi. Hayo yote niliyajua kwa kukosea, na hakuna aliyeumia sana. Ndiyo maana nilijiona nimeshafuzu.

Kisha nikatengeneza mtelezo wa shule moja ya msingi kando ya barabara kuu, kabla hujafika Ihanja. Ulikuwa kwa ajili ya watoto wa darasa la awali. Hiyo kazi niliipenda. Siku hizo nilikuwa nimepata grainda na mashine nzuri, siyo ile shida ya kukata kwa msumeno wa mkono mabomba ya vitanda vya zamani. Shiti niliing'arisha kwa msasa mpaka ukijitazama unaona ndevu. Pembeni nikaandika jina langu kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: FUNDI JUMANNE, MANDEWA. Na kwa kuwa barabara iko upande wa mashariki wa shule, nikauelekeza mtelezo barabarani, mabasi yakipita abiria wasome.

Nina elimu ya sekondari. Nilijua jua linachomoza upande gani. Lakini nilimaliza kuusimika jioni, jua likiwa nyuma ya madarasa, nikapitisha kiganja juu ya shiti, nikaona imepoa vizuri kama mtungi. Nikakabidhi kazi.

Watoto wa awali wanatoka kunywa uji saa nne. Saa nne jua la Singida linapiga sawasawa juu ya kitu chochote kinachotazama mashariki kwa mshazari. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Baada ya wiki kadhaa nilirudi pale na mteja. Alikuwa mzee mmoja wa kamati ya shule nyingine, mtu mgumu, asiyenunua kitu bila kukiona kikifanya kazi. Tulifika wakati wa uji. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye ngazi, na niliona jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Walikuwa wakishuka wamechuchumaa juu ya viatu vyao vya yeboyebo, mikono juu, hakuna aliyekaa. Nilidhani ni mbwembwe. Nikamwambia mteja, "Unaona wanavyojua kucheza?"

Ikafika zamu ya mtoto wa kike, mdogo kuliko wenzake, hana viatu. Alipanda vizuri. Alipofika juu akakaa kama watu wanavyokaa, kisha akajivuta nyuma upesi, akashika vyuma viwili vya pembeni na kuganda. Foleni nyuma yake ikaanza kusukumana.

"Yusta, shuka."

"Yusta, unatuchelewesha."

"Mwoga huyo. Yusta mwoga."

Nikasogea. Mteja alikuwa ananitazama. "Shuka, mjukuu wangu," nikasema. "Usiogope."

"Kina moto," akasema.

Nikaweka kiganja changu juu ya shiti, katikati kabisa, nikakiacha pale ili kila mtu aone. "Moto uko wapi? Acha uongo. Si moto."

Akatazama mkono wangu, akatazama uso wangu. Naliona bado lile jicho. Lilikuwa la mtoto anayejiuliza kama ngozi yake ndiyo mbovu. Hakushuka. Basi nikazunguka nyuma, nikapanda ngazi pembeni ya watoto, nikamwekea mkono mgongoni na kumsukuma.

Sikumsukuma kwa nguvu. Hilo nilijitetea nalo muda mrefu. Lakini nilimsukuma.

Hakulia akiwa njiani. Alilia alipofika chini na kusimama. Mwalimu wa awali, Mwalimu Pendo, akaacha sufuria ya uji akaja mbio, akamgeuza, akainua sketi kidogo nyuma. Mapaja yalikuwa yamebadilika rangi. Akamkabidhi kwa mpishi ammwagie maji ya mtungini, kisha akaja kwangu.

"Shikamoo, mzee. Weka mkono wako hapo."

"Marahaba. Nimeshaweka, mwalimu. Hakuna moto."

"Siyo kiganja." Akanishika kifundo cha mkono kwa heshima tu, akaugeuza, akaulaza upande wa ndani juu ya shiti.

Niliuvuta kama niliyeng'atwa.

Mwalimu akarudi kwa Yusta. Mteja wangu alikuwa ameshatembea kuelekea barabarani. Nilibaki nimesimama pale, namsikia Fundi Athumani waziwazi kabisa, na alikuwa amefariki zamani.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu kosa la namna hii. Ukilifanya, kichwa chako kitakuletea maneno mengi ya kukufariji. Wengine walikuwa wanashuka bila shida. Mwalimu alipaswa kukwambia. Mtoto angevaa viatu. Mimi nililala na maneno hayo, na asubuhi yalikuwa bado yapo. Kilichoyamaliza ni safari ya kwenda kuomba radhi.

Nilimkuta bibi yake Yusta uani, anapepeta alizeti. Ndiye anayemlea. Nikajitambulisha, nikasema niliyokuja kusema. Akaendelea kupepeta. Alisema maneno machache ya Kinyaturu ambayo sitayaandika, kisha akageukia Kiswahili ili nisisingizie kuwa sikuelewa.

"Mapaja yanapona. Mimi sitaki pole yako, Fundi. Nataka mtoto arudi shule."

"Haendi?"

"Anakwenda. Kila asubuhi namfunga sweta, anakwenda na wenzake mpaka kwenye ile minyaa ya uzio. Anaona hicho chuma chako kinawaka barabarani, anageuka. Namkuta kwenye zizi la mbuzi. Nimemchapa, nimembembeleza. Wewe ndiye uliyekiweka pale. Sasa nitafanyaje?"

Yusta alikuwa nyuma ya mlango, namwona vidole vya miguu. Nikachuchumaa, nikasema na vile vidole. Nikamwambia chuma kilikuwa na moto, yeye alisema kweli, mimi ndiye niliyesema uongo. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kuuliza, "Ulipojua kina moto, kwa nini hukurudi chini kwa ngazi?"

Vidole vikajikunja. "Nilitaka kurudi. Nyuma kulikuwa na watu."

Nikaondoka na hayo maneno. Vijana, mabomba mengi nimekata maishani, lakini hakuna kipimo nilichopewa kilichonisaidia kama hicho. Mtelezo wangu ulikuwa na njia moja tu. Ukishapanda, foleni imekufunga nyuma, mbele ni kushuka upende usipende. Na mtoto anayejua kuwa hawezi kurudi anaogopa tangu ngazi ya kwanza, hata kama chuma ni baridi.

Nilimwendea mwalimu mkuu kuomba niung'oe mtelezo. Hakufurahi. "Fundi, hapo ndipo panapopendeza. Watu wakipita wanaona shule ina maendeleo."

"Mwalimu, wanaoona wako kwenye basi. Wanaokalia wako hapa."

Alikuna kichwa, akaruhusu. Wazazi wachache walinisaidia. Msivunje zege kama hamna haja. Kateni miguu usawa wa ardhi kwa grainda, kisha mnaiunganishia vipande vipya mahali pengine. Tukaupeleka nyuma ya darasa la awali, upande wa magharibi, chini ya miarobaini mikubwa, ambako saa nne kuna kivuli kizito. Barabarani hauonekani kabisa. Jina langu nililipiga rangi ya kijani juu yake. Kisha nikapanua jukwaa la juu, nikaongeza ngazi ya pili upande wa pili, ya kushukia. Hatua zake niliziweka karibu karibu, kwa mguu wa mtoto anayeshuka kinyumenyume bila kuona anapokanyaga, na nikaweka vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Mwalimu Pendo akawaambia watoto kuwa anayetaka kurudi apishwe, na asichekwe.

Walipisha. Kucheka walicheka.

Yusta alirudi shule wiki hiyohiyo, kwa kuwa kile chuma hakikuwa tena njiani. Bibi yake alinitumia kuku, nikaona aibu kumla. Nilidhani mambo yameisha. Nikapita kuangalia kazi, nikamkuta wakati wa uji amekaa peke yake ukutani, magoti yamebanwa, na wenzake wakimwimbia: "Karanga, karanga, njoo ukaangwe."

Chuma nilikuwa nimekirekebisha kwa siku chache. Mtoto bado alikuwa palepale nilipomsukuma.

Hapo nikaamua kuwa sitaondoka kwenye kazi ile mpaka niione imekwisha. Nikawa nakwenda pale kila nilipopata usafiri, na kwa kuwa mtu mzima hawezi kukaa tu kwenye uwanja wa watoto, nilibeba kopo la grisi nikawa napaka bembea. Sikumwita. Sikumwambia neno kuhusu mtelezo. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, maana mdomo wangu ulikuwa umejaa "usiogope."

Siku moja akaja mwenyewe. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

"Unapaka grisi?"

"Ndiyo."

"Si ulipaka juzi?"

"Bembea hii inakula sana grisi."

Akanitazama kama anayemtazama mtu anayeongopa vibaya. Kisha akasogea kwenye mtelezo, akaweka kiganja mwisho wa shiti, pale pa kumalizia. Nikavunja ukimya wangu kuhusu mtelezo mara moja tu. "Siyo kiganja. Hapa." Nikamwonyesha mkono wangu, chini ya kiwiko, ambako alama ya kuungua siku ile bado ilikuwapo. Akaulaza mkono wake pale. Akakaa nao hivyo muda mrefu. Kisha akarudi ukutani.

Safari iliyofuata alipanda. Akafika jukwaani, akakaa, akapima shiti kwa mkono, akainuka, akaenda kwenye ngazi ya kurudia na kushuka hatua kwa hatua. "Karanga kaogopa," wakaimba. Akazunguka, akapanga foleni tena, akapanda, akapima, akashuka kwa ngazi. Akafanya hivyo mpaka kengele ikalia. Siku nyingine vilevile. Watoto walichoka kuimba kabla yeye hajachoka kupanda. Mwalimu Pendo akaniambia, "Mzee, huyu anajifunza kushuka ngazi tu." Nikamwambia aache. Niliona kitu ambacho yeye, akiwa bize na uji, hakukiona. Kila akipanda, alikuwa anavibana vyuma vya pembeni kwa muda mfupi kuliko mara iliyotangulia.

Kisha ikafika ile siku. Alishuka kwa ngazi, badala ya kuzunguka kwenda kwenye foleni akaja moja kwa moja kwangu.

"Babu, huu mtelezo umeutengeneza wewe?"

"Mimi."

"Na mingine?"

"Mingi tu."

"Wewe umeshashuka?"

"Mimi mtu mzima."

"Hata mmoja hujashuka?"

Nilifikiri. Katika miaka yote ile, hata mmoja. Nilikuwa nimepitisha viganja tu.

"Basi shuka," akasema.

Watoto walisikia. Foleni ikaachia nafasi kabla sijajibu. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikapanda. Kutoka chini jukwaa ni kimo cha bega langu, kitu kidogo. Kutoka juu ni kitu kingine kabisa. Niliona paa la jiko, niliona matawi ya miarobaini usawa wa uso wangu, niliona vichwa vya watoto wote vimeinuliwa kunitazama. Upepo ukapita, jukwaa likatikisika kidogo, na nikaanza kukumbuka kila mahali nilipochomelea harakaharaka. Nikakaa. Shiti ikaenda chini mbele yangu, imeng'aa, haina mahali pa kushika. Nikashika vyuma vya pembeni.

Nikainuka na kushuka kwa ngazi ya kurudia.

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. "Babu mwoga." Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu Pendo alijifanya anakohoa. Yusta peke yake hakucheka.

"Si kitu, babu," akasema. "Ndiyo kazi ya hiyo ngazi."

Kisha akapanda yeye. Hakupanga foleni, na hakuna aliyemzuia. Akafika juu, akapima shiti kwa mkono kama kawaida yake. Akatazama ngazi ya kurudia, nikajua ameitazama ili ahakikishe ipo. Akakaa. Akaifunga sketi chini ya mapaja. Hakuna aliyemwambia shuka, kwa kuwa hata wale waimbaji walikuwa bado wanaishiwa pumzi kwa kunicheka. Midomo yake ilikuwa imebanwa kama ya mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Akaachia mkono wa kushoto. Akaachia wa kulia.

Alifika chini mchangani amekaa, miguu mbele, macho wazi. Hakushangilia. Alisimama, akajipapasa nyuma, akatazama viganja vyake, akajipangusa vumbi. Kisha akageuka na kunitafuta.

Mimi nilikuwa nimeshika kopo langu la grisi. Alinitazama bila kuniita, kama nilivyokuwa nimejifunza kumtazama yeye. Kisha akainama, akalaza mkono wake juu ya shiti, upande wa ndani, chini ya kiwiko, akausikiliza.

"Si moto, babu," akasema. "Nimepima."

Nikaweka kopo chini. Nikapanda tena ngazi, nikakaa pale juu na woga wangu uleule, na yeye amesimama chini mkono wake bado uko juu ya chuma. Nikaachia vyuma.